Volti ya utayari: umeme wa ubongo kabla ya kidole kusogea

Volti ya utayari ni badiliko dogo la umeme wa ubongo linaloanza kabla mtu hajasogeza kiungo kwa hiari yake. Wanasayansi wa ubongo Hans Helmut Kornhuber na Lüder Deecke waliligundua Freiburg, Ujerumani, mwaka 1964, wakaliita kwa Kijerumani Bereitschaftspotential.

Sekunde moja na nusu hivi kabla ya kidole kusogea, umeme wa utosini huanza kuteremka taratibu kuelekea hasi. Hapo yanafanya kazi maeneo ya kupanga mwendo, ya kulia na ya kushoto. Inapobaki kama nusu sekunde, mteremko huwa mkali na kuegemea upande mmoja: kidole cha kulia, ubongo wa kushoto.

Shida ni udogo wake. Mara nyingi haifiki mikrovolti 10 (mikrovolti ni sehemu ya milioni ya volti), ilhali mawimbi mengine ya ubongo hupanda hadi makumi, kwa hiyo katika tendo moja haionekani. Mhusika hukunja kidole mara nyingi, kila mara anapojisikia. Elektrodi (vipande vya kunasa umeme) za mkononi huonyesha msuli ulipoanza kukaza, na hapo ndipo sifuri. Vipande vya rekodi hupangwa kwa sifuri hiyo, kisha hutafutwa wastani. Matendo 100 hupunguza kelele, yaani mawimbi hayo mengine, mara kumi. Mashine ya wastani ya Freiburg ilijua kwenda mbele tu kutoka sifuri, basi kanda ya sumaku yenye rekodi ikachezwa kinyumenyume ili yaliyotangulia yaje baada yake.

Kinachoharibu zaidi ni kichujio, kifaa cha kuondoa mawimbi yasiyotakiwa. Ukikata mawimbi yaliyo chini ya hezi 1 (wimbi moja kwa sekunde), umeifuta volti yenyewe, maana ni ya polepole. Anzia hezi 0.05 au chini zaidi. Lakini ukishusha hivyo, jasho la kichwani nalo huyumbisha rekodi, kwa hiyo chumba kiwe na ubaridi. Kupepesa jicho huzidi mikrovolti 100: vipande hivyo vitupwe. Matendo yakifuatana chini ya sekunde tano, mkunjo mmoja huingilia mwingine.

Mwaka 1983 mwanasayansi wa ubongo Benjamin Libet aliripoti kuwa volti hii hutangulia nia inayotambuliwa na mhusika kwa kama thuluthi ya sekunde. Wengi wakakimbilia kusema hiari haipo. Ni haraka mno: mwaka 2012 Aaron Schurger na wenzake walionyesha kwamba mabadiliko ya kubahatisha ya umeme wa ubongo, yakichaguliwa yale tu yaliyofikia kizingiti cha kutenda na kupangwa kinyumenyume, huzaa mteremko uleule.

Hospitalini ina kazi nyingine. Ikitangulia mishtuko ya misuli isiyoeleweka, huashiria kuwa mishtuko hiyo inapita njia ya mwendo wa hiari. Isipoonekana, haithibitishi kinyume chake.