Tiva wa mafunjo: eti wapo kibao?

Ukienda kinamasi cha Dunga pale Kisumu utaambiwa huyu tiva wa mafunjo, ndege kifua chekundu anayekaa kwenye yale majani marefu ya kinamasi, yuko kila mahali, hata kwetu nyuma ya choo yupo. Hapana bwana. Huyo wa nyuma ya choo ni tiva kichwa-cheusi, binamu yake, anakaa vichakani na kwa mashamba. Wa mafunjo ana utosi wa manjano na mstari mweupe kwa bawa, sasa ukimpiga picha yeyote kati yao na simu toka mbali unaona nyekundu na nyeusi tu, basi mnaposti ndege nadra kumbe ni jirani yenu wa kila siku.

Wengine wanasema jina lake la kisayansi ni mufumbiri so lazima ni wa milimani. Jina ndo la milima ile ya Mfumbiro, siku hizi tunaita Virunga, alipewa 1911, lakini mlimani humpati. Yeye na mafunjo, mafunjo na yeye.

Kosa kubwa zaidi ni hili la "nchi sita hizo, atakosaje kuwa wengi?" Kweli yupo Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo, ila hiyo ramani inadanganya, ni vipande vipande vya kinamasi kandokando ya maziwa na mito, na ukitoka nje ya mafunjo hatua chache tu umempoteza. Dunga yenyewe ilipoteza kama nusu ya mafunjo yake kati ya 1969 na 2000, vinamasi vingine vya Koguta karibu hivyo hivyo, na Kusa thuluthi moja. Ndo maana IUCN, lile shirika la kimataifa linaloorodhesha viumbe walio hatarini, waliwahi kumweka kwa wale wanaokaribia kuwa hatarini.

Halafu kuna wa "nimesikia mmoja tu". Hawa huimba wawili, dume anaanza jike anadakia haraka hadi unaapa ni koo moja, na mle ndani kulivyo kuzito kuwaona ni bahati, wanahesabiwa kwa masikio.

Na msiwalaumu tu akina mama wanaokata mafunjo ya kusuka mikeka. Mafunjo yakikatwa kwa zamu, sehemu nyingine zikaachwa, yanachipuka tena toka kwa mizizi. Kufyeka yote mara moja ndo kunamfukuza ndege. Mbaya zaidi ni ule mtaro wa kutoa maji, moto unafuata, halafu nduma na mahindi, hapo hata mizizi imekufa.