Kwa nini samaki wa ziwani huja juu kutweta alfajiri?

Mvua za kwanza zikishaanza Lindi na Mtwara, mwezi wa 11 au wa 12, mtu anayewahi kutazama migono yake, yaani mitego ya samaki, kwenye ziwa dogo kama Rutamba au Kitere anaweza kuwakuta perege wametanda juu ya maji, vinywa wazi, wanatweta. Wengine wameshaelea matumbo juu. Hapo neno linalotangulia ni sumu, na jina la jirani fulani hufuata upesi.

Sumu ipo kweli. Majani ya utupa yakipondwa na kutiwa majini huzuia mwili wa samaki kuitumia oksijeni, na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 imekataza uvuvi wa namna hiyo. Lakini maji yenyewe nayo huweza kuishiwa pumzi, na dalili za mwanzo hufanana mno.

Ule ukijani unaouona ziwani ni mimea midogo sana. Mchana, kwa nguvu ya jua, hutoa oksijeni. Usiku haitoi, inavuta tu, sawa na samaki, sawa na vijidudu vinavyoozesha majani na matope chini. Akiba ya mchana huliwa usiku kucha, na inakuwa ndogo kuliko wakati wowote karibu na mapambazuko. Joto nalo lina lake: lita moja ya maji ya nyuzi 20 hubeba oksijeni kama miligramu 9, ila yakifika nyuzi 30 hubeba kama 7 na nusu.

Sasa mvua kubwa inashuka baada ya kiangazi kirefu. Inakokota majani makavu na samadi hadi ziwani, na vyote vikianza kuoza vinakula oksijeni. Maji ya juu yanapoa na kuzama, upepo unayakoroga, na yale mazito ya chini yasiyo na hewa yanapanda. Mawingu yakikaa siku mbili tatu, mimea haipati jua la kurudisha kilichotumika.

Utatofautishaje? Mwangalie kambale. Ana kiungo juu ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa ya nje, hivyo maji yakikosa oksijeni yeye hudumu wakati perege wanakufa. Tazama na ukubwa: kwa kukosa hewa, perege wakubwa hutangulia kufa, vifaranga husalia. Tena jua likipanda, walio hai huanza kushuka chini. Sumu haina saa maalumu, na vifaranga haiwaachi.

Ukikuta wadogo kwa wakubwa wameelea pamoja, usiwachukue kwa kitoweo. Kumbuka saa uliyowakuta na rangi ya maji, kisha umwite ofisa uvuvi kabla jina la mtu halijatajwa.