Muunganisho Kupotea Baada ya Kusasisha Simu: Maana Yake na Kinachotokea

Kupotea kwa muunganisho baada ya sasisho ni hali ambayo simu au tableti iliyokuwa ikitumia Wi-Fi, Bluetooth au data ya laini bila tatizo inashindwa kufanya hivyo mara tu mfumo wake wa uendeshaji unapoingia toleo jipya. Ruta, yaani kifaa kinachosambaza Wi-Fi, ni ile ile, nywila ni ile ile na mwenye simu hakugusa kitu. Simu ilijizima usiku, ikajiwasha, na asubuhi haiingii mtandaoni. Hapa Lamu, ambapo nyumba nyingi za wageni hupokea maombi ya vyumba kupitia WhatsApp na wenye boti za Shela hutafutwa na abiria kwa njia hiyo hiyo, asubuhi ya namna hii huwa na hasara, na aghalabu simu hupelekwa kwa fundi ikiwa imekwisha kuhukumiwa kwamba imekufa.

Hukumu hiyo huwa ya haraka. Ni nadra sasisho kuiharibu redio iliyomo ndani ya simu. Linachobadilisha kwa kawaida ni masharti ambayo simu na ruta hukubaliana ili kuzungumza, na mara nyingi upande mmoja umebadilika huku upande wa pili ukiwa haujui. Ndiyo maana simu hiyo hiyo inayokataa nyumbani Mkomani huweza kufanya kazi vizuri kwenye mkahawa wa ufukweni.

Sasisho lenyewe si kitu kimoja. Pamoja na sura mpya ya skrini na kufungwa kwa mianya ya usalama, hubeba pia programu ndogo inayokaa ndani ya chipu ya Wi-Fi na nyingine inayoendesha modemu ya laini, na hizi ndizo zinazoamua simu isikilize masafa gani, ilale lini ili kutunza betri na iachane na ruta mawimbi yakidhoofika kiasi gani. Katika simu za Android, msimbo, yaani maandishi ya programu yanayounda mfumo, hutoka Google, ukapitia kwa mtengenezaji wa chipu, kisha kwa mtengenezaji wa simu, na wakati mwingine hata kwa kampuni ya mtandao kabla ya kumfikia mtumiaji, hivyo simu mbili zinazoonyesha nambari moja ya toleo zinaweza kuwa na tabia tofauti kabisa. Apple hutengeneza simu na mfumo wake kwa pamoja, lakini nayo haikusalimika: mnamo Septemba 24, 2014 ilitoa iOS 8.0.1, ambayo iliwanyima mtandao wa simu baadhi ya wenye iPhone 6 na iPhone 6 Plus, ikaiondoa baada ya muda mfupi na kutoa toleo la kuirekebisha. Kosa la namna hiyo ni la msimbo, na mtumiaji hana la kufanya ila kusubiri marekebisho. Mengi ya mengine yanayoelezwa hapa chini yana dawa iliyo mikononi mwake.

Ili kujua kosa liko wapi, ni lazima kuelewa kwamba kuunganishwa hufanyika kwa hatua. Kwanza simu huiona ruta, kisha pande mbili hukubaliana juu ya ufunguo, kisha simu hupewa nambari ya IP, yaani anwani yake ndani ya mtandao huo, na mwisho hupata njia ya kutoka nje kwenda kwenye intaneti. Mtu anayesema tu kwamba Wi-Fi haifanyi kazi hajasema ni hatua ipi iliyokatika, na fundi asiyeuliza swali hilo hubaki kubahatisha.

Hatua ya kuiona ruta huathiriwa sana na ujenzi wa mji huu. Kuta za nyumba za kale za Lamu ni za matumbawe na chokaa, na unene wake hunyonya mawimbi ya redio. Ruta nyingi za sasa hurusha mawimbi kwenye masafa mawili, ya 2.4 GHz na ya 5 GHz. Haya ya pili yana kasi zaidi lakini huchoka upesi mbele ya ukuta. Toleo jipya likibadilisha namna simu inavyochagua kati ya masafa hayo, chumba cha ndani kilichokuwa kikipata mtandao kwa taabu huweza kukosa kabisa. Kabla ya kulilaumu sasisho, basi, simu na isogezwe karibu na ruta, pasipo ukuta katikati. Ikishika hapo, tatizo ni la umbali na masafa, na huenda kuutenganisha mtandao wa 2.4 GHz ukawa na jina lake wenyewe kukatosha.

Hatua ya ufunguo ina historia ndefu. Ulinzi wa kwanza wa Wi-Fi, WEP, ulikuja na viwango vya mwaka 1997 na ukavunjwa na wataalamu miaka michache baadaye. WPA ikafuata mwaka 2003, WPA2 mwaka 2004 na WPA3 mwaka 2018. Kadiri mifumo ya simu inavyosonga mbele, ndivyo inavyozidi kuzionea mashaka njia za zamani, kwanza kwa onyo kwamba ulinzi ni dhaifu, kisha kwa kuzikataa. Ruta iliyonunuliwa zamani na kuachwa juu ya kabati bila kuguswa inaweza kujikuta haitakiwi tena na simu mpya. Hali kinyume nayo hutokea pia, pale ruta iliyowekwa kwenye WPA3 peke yake inapoziacha nje simu zisizoifahamu, ilhali mpangilio unaochanganya WPA2 na WPA3 ungezihudumia zote. Ikiwa ulinzi ni sahihi na simu bado inagoma, huenda kumbukumbu ya mtandao iliyohifadhiwa chini ya toleo la zamani haikuhamishwa vizuri, na hapo kuuamuru mfumo uusahau mtandao huo, kisha kuandika nywila upya, hutosha.

Lakini sababu inayosumbua zaidi nyumba za wageni za pwani, kwa maoni yangu, ni ile ya anwani ya MAC. Kila kifaa cha Wi-Fi hutoka kiwandani na anwani yake yenye tarakimu na herufi 12, na kwa muda mrefu ruta zilikitambua kifaa kwa anwani hiyo. Urahisi huo ulikuwa na ubaya wake, kwani yeyote mwenye mitambo ya kusikiliza mawimbi aliweza kumfuatilia mtu kutoka mahali hadi mahali kwa kuiandama anwani ya simu yake. Ndipo Android 10 ya mwaka 2019 ikaanza kutumia anwani za kubahatisha, zinazobuniwa na simu yenyewe, kama hali ya kawaida, na iOS 14 ya mwaka 2020 ikaleta anwani ya faragha ya Wi-Fi, ili kila mtandao uonyeshwe anwani tofauti na ile ya kiwandani. Toleo la iOS 18 la mwaka 2024 likaenda mbali zaidi: kwenye mitandao isiyo na ulinzi au yenye ulinzi dhaifu, anwani hiyo hubadilika baada ya muda.

Sasa tazama yanayotokea. Mwenye nyumba ya wageni, asiyetaka jirani zake wale bando lake, huorodhesha kwenye ruta anwani za vifaa vinavyoruhusiwa. Mwengine huuza vocha za siku au za wiki, na mtambo wake hukumbuka kwamba anwani fulani imelipa. Simu ikisasishwa na kujitokeza na anwani nyingine, kwa ruta hiyo ni kifaa kigeni ambacho hakimo kwenye orodha wala hakijalipa. Mgeni hulalamika kwamba ameibiwa vocha, mwenye nyumba huapa kwamba hakugusa kitu, na wote wawili wanasema kweli.

Katika duka moja la simu mtaa wa Langoni, mama mmoja alileta iPhone iliyokaa miaka bila kusasishwa hadi mwanawe alipoisasisha. Akasema, "Mwanangu, ruta ni yangu mwenyewe, na simu yajaribu kuingia kisha yatolewa." Fundi alimwomba ruhusa ya kuiangalia ruta hiyo, akafungua orodha ya vifaa vilivyoruhusiwa, kisha akafungua maelezo ya mtandao kwenye simu na kuziweka anwani mbili sambamba. "Bi mkubwa, hebu tazama herufi ya pili hapa," alisema, akiweka ncha ya bisibisi kwenye skrini. Ilikuwa E. Anwani ya kubahatisha hutambulika kwa alama yake ya pili kutoka kushoto, ambayo huwa 2, 6, A au E. Hakuifungua simu wala hakubadilisha kipuri. Alizima anwani ya faragha kwa mtandao ule mmoja tu, akaiacha iendelee kufanya kazi kwa mitandao mingine, na simu ikaingia. Huo ndio uamuzi ninaouunga mkono, kwa sababu nyumbani mtu hajifichi na ruta yake, ilhali kwenye mitandao ya watu anwani ya kubahatisha ni kinga ya maana.

Hatua ya mwisho ndiyo inayoleta maneno yanayowaudhi wengi, kwamba simu imeunganishwa lakini hakuna intaneti. Simu katika hali hii ni kama mgeni aliyekaribishwa dakani akakalishwa, lakini mlango wa ndani haujafunguliwa. Simu hujuaje? Kila inapoingia mtandao mpya, huita ukurasa mdogo wa majaribio kwenye seva za Google au Apple, na isipopata jibu inalolitarajia hutangaza kwamba intaneti haipo, au hufungua ukurasa wa kuingiza vocha. Baada ya sasisho, jaribio hilo linaweza kukwamishwa na VPN (programu inayopitisha mawasiliano kwa njia ya siri) iliyobaki imewashwa, na DNS binafsi (huduma ya kutafutia anwani za tovuti), mpangilio uliokuja na Android 9, au na tarehe ya simu iliyorudi nyuma, kwa maana vyeti vya usalama vya tovuti hukataliwa simu inapoamini kwamba iko katika mwaka mwingine.

Kuna sababu nyepesi kuliko zote hizo, na kwa wanaotumia bando ndiyo ya kwanza kuchunguzwa. Sasisho kubwa la mfumo linaweza kupita gigabaiti moja, na likishamalizika, programu tumishi nazo huanza kujisasisha moja baada ya nyingine na picha kupakiwa kwenye hifadhi ya mbali. Bando lililotarajiwa kufika Ijumaa huisha alfajiri ya Jumatano. Simu imeunganishwa kweli na ruta, na ruta haina cha kumpa mtu. Pengine pia tatizo halipo nyumbani kabisa: mnamo Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM, zote zinazofika Mombasa, zilikatika na kuidhoofisha intaneti ya Afrika Mashariki, na aliyekuwa amesasisha simu siku hiyo angeweza kulilaumu sasisho bure. Simu ya pili, isiyosasishwa, ikijaribiwa kwenye ruta ile ile, humaliza ubishi huo upesi.

Kwa data ya laini, kinachopotea mara nyingi ni APN, yaani jina la lango ambalo modemu hulipitia kuingia kwenye mtandao wa kampuni. Jina hilo huweza kuandikwa upya kwa mkono, na kampuni hulitoa kwa anayeuliza. Bluetooth nayo hudai tu kifaa kifutwe na kuoanishwa upya.

Kama hayo yote hayakufaa, kuna kuweka upya mipangilio ya mtandao. Kitendo hiki hufuta mitandao ya Wi-Fi iliyohifadhiwa pamoja na nywila zake, mipangilio ya data na mara nyingi vifaa vya Bluetooth, lakini hakigusi picha wala ujumbe. Wapo wanaoruka hatua hii na kurudisha simu katika hali ya kiwandani, tena bila kumuuliza mwenyewe kama mazungumzo yake ya WhatsApp yana nakala. Naliona hilo kuwa kosa la kazi, si njia ya mkato. Tena, kwenye Android, kurudisha simu katika hali ya kiwandani huzaa anwani mpya za kubahatisha, kwa hiyo ruta iliyokuwa ikiikataa itaendelea kuikataa. Kurudi kwenye toleo la zamani pia si rahisi: kwenye iPhone huruhusiwa kwa muda mfupi tu baada ya toleo jipya kutoka, na kwenye Android kwa kawaida hufuta kila kitu.

Wala kukataa masasisho si suluhisho. Mwaka 2017 mtafiti Mathy Vanhoef wa Chuo Kikuu cha KU Leuven nchini Ubelgiji alionyesha udhaifu uliopewa jina la KRACK, uliogusa namna WPA2 inavyokubaliana ufunguo, na vifaa vilivyokingwa ni vile vilivyopata sasisho. Ruta nayo ina programu yake inayohitaji kusasishwa, jambo ambalo wenye nyumba wengi hawalijui kwa sababu ruta haina skrini ya kuwakumbusha.

Inabaki hali moja ambayo ni ya kipuri kweli. Ikiwa kitufe cha Wi-Fi kimefifia rangi na hakikubali kuwashwa, na mahali ambapo maelezo ya simu yangeonyesha anwani ya Wi-Fi hapana kitu, basi mfumo hauioni chipu yenyewe. Mara nyingi chipu hiyo ilikuwa imeanza kulegea kwa kuanguka, kwa joto au kwa maji ya chumvi yaliyoingia siku nyingi kabla, na kuzimwa na kuwashwa wakati wa kusasisha kumeidhihirisha tu. Hapo mipangilio haina kazi tena, na simu ni ya kufunguliwa.