Kuifundisha Meksiko darasani: tuanzie kwenye mahindi

Mwalimu akipewa mada ya Meksiko, kinachomjia haraka ni kofia pana, pilipili na wapiga gitaa. Vyote hivyo vipo, lakini ukianza navyo, wanafunzi watabaki navyo, na nchi yenye watu zaidi ya milioni 120 itageuka vazi la maigizo. Ushauri wangu kwa walimu ni kuanza na kitu ambacho kila mtoto wetu anakijua, yaani mahindi.

Asili ya mahindi ni Meksiko. Wakulima wa kusini mwa nchi hiyo waliyapata kwa kuchagua mbegu za nyasi ya mwituni iitwayo teosinte, kizazi baada ya kizazi, kazi iliyoanza miaka ipatayo 9,000 iliyopita. Hata mkonge, ambao Mjerumani Richard Hindorf aliuingiza Tanganyika mwaka 1893 kutoka Florida, asili yake ni Meksiko. Mpaka leo wakulima wadogo wa Meksiko huchanganya mahindi, maharage na maboga katika shamba wanaloliita milpa. Maharage hutambaa kwenye mabua na kurutubisha udongo, na majani ya maboga hufunika ardhi ili unyevu usipotee.

Namna wanavyoyapika inastahili kipindi kizima. Jioni punje kavu huchemshwa kwa maji yenye chokaa, kisha huachwa humohumo usiku kucha. Asubuhi ukizisugua kwa viganja maganda yanatoka yenyewe. Huoshwa na kusagwa zikiwa bado na maji, zamani kwenye jiwe liitwalo metate, siku hizi zaidi kwa mashine. Donge linalopatikana hukandwa, hukatwa matonge, hutandazwa kuwa duara jembamba, na kuchomwa bila mafuta juu ya kikaango bapa kiitwacho comal. Hiyo ndiyo tortilla. Ikiiva vizuri huvimba katikati. Mijini wengi hawajisumbui kuipika. Hupanga foleni kwenye duka la mtaani, wakapimiwa kwa kilo zikiwa za moto, na wengi huja na kitambaa chao cha kuzifungia.

Chokaa ile ina kazi kubwa. Huiachilia niasini, vitamini ya kundi B ambayo mahindi huwa nayo lakini mwili hushindwa kuipata vizuri. Mahindi yalipopelekwa Ulaya bila ujuzi huo, maskini wa kaskazini mwa Italia, na baadaye wa kusini mwa Marekani, ambao chakula chao kilikuwa karibu mahindi matupu, waliugua pelagra, ugonjwa wa kukosa niasini, na wengi wakafa. Mwalimu wa sayansi na wa historia wanaweza kuingia darasani pamoja hapa, na ningefurahi sana kuona shule zinajaribu hivyo.

Mlo mkuu wa siku huliwa alasiri, kati ya saa nane na saa kumi hivi. Anayepita karibu na watu wanaokula, hata kama hawafahamu, huwatakia mlo mwema kwa kusema “provecho”. Kila mtu ana majina mawili ya ukoo, la baba kisha la mama. Rais wa zamani Andrés Manuel López Obrador ni López kwa baba na Obrador kwa mama. Mwanamke akiolewa hubaki na majina yake.

Shuleni, Jumatatu asubuhi wanafunzi hujipanga uwanjani kuiheshimu bendera, na kubebeshwa bendera hiyo ni heshima ambayo mtoto huisimulia nyumbani. Tangu 1960 serikali hugawa bure vitabu vya kiada vya shule za msingi. Siku ya Walimu ni tarehe 15 Mei. Si kila mtoto anayeingia darasani na Kihispania kinywani: sheria ya mwaka 2003 inazitambua lugha za wenyeji, zilizowekwa katika makundi 68, kuwa za taifa pamoja nacho.

Kuhusu Siku ya Wafu, tarehe 1 na 2 Novemba, naomba tuwe waangalifu. Si uchawi, na si sherehe ya kutishana. Familia hupanga nyumbani meza yenye picha za marehemu, mishumaa, maua ya rangi ya chungwa, glasi ya maji na chakula alichokipenda aliyeondoka. Makaburi husafishwa, na sehemu nyingine watu hukesha hapo. Mwanafunzi akicheka, mwache kwanza aulize, kisha mweleze nani anakumbukwa.

Waafrika nao wasisahauliwe. Mwanzoni mwa karne ya 17, Mwafrika aitwaye Yanga na wenzake waliotoroka utumwa, katika milima ya jimbo la Veracruz, waliwalazimisha Wahispania kuwakubali kuwa huru, na mji wao leo una jina lake. Vicente Guerrero, rais mwenye asili ya Afrika, alitangaza kukomeshwa kwa utumwa mwaka 1829. Hata hivyo katiba iliwatambua Wameksiko weusi mwaka 2019 tu, na katika sensa ya 2020 zaidi ya watu milioni 2.5 walijitambulisha hivyo. Kwenye ramani ya darasani, mwalimu atie alama mji wa Yanga upande wa mashariki, na Costa Chica, pwani ya Pasifiki katika majimbo ya Guerrero na Oaxaca.