Je, wajua kwa nini dawa ya kuungua ina madini ya fedha?

Jioni pale Kirumba, Mwanza, mafuta ya kukaangia sangara yakichemka kwenye karai, tone moja likimrukia mama mkaangaji mkononi linatosha kuacha lengelenge. Likipasuka, zahanati huweza kumpa krimu nyeupe, laini. Ukisoma tyubu utakuta imeandikwa silva salfadayazini, asilimia 1. Silva hiyo ni fedha, madini yale yale ya pete na bangili.

Fedha huua bakteria: ayoni zake (atomu zenye chaji ya umeme) hung'ang'ania protini za vijidudu hivyo mpaka zishindwe kufanya kazi. Tabu ilikuwa kuifanya idumu kidondani. Zamani madaktari walilowesha bandeji kwa naitreti ya fedha, lakini majimaji ya kidonda yana chumvi, na fedha ikikutana na kloridi ya chumvi huganda kuwa ungaunga usioyeyuka. Tena ilitia shuka na ngozi weusi.

Mwaka 1968, Charles Fox wa Marekani alitangaza dawa aliyoipata kwa kuiunganisha fedha na salfadayazini, dawa ya jamii ya salfa, ndugu wa zile zilizomo kwenye Septrin na SP ya kuwakinga wajawazito na malaria. Hapa ndipo penye utamu wenyewe. Dawa hizi za salfa zina atomu ya sulfuri (kiberiti) iliyobeba oksijeni mbili. Oksijeni hizo huvuta elektroni kwa nguvu, kiasi kwamba naitrojeni iliyo jirani huiachia hidrojeni yake kwa urahisi. Hidrojeni ikishatoka, fedha inakaa mahali pake. Naitrojeni za molekuli za jirani nazo huishika, hivyo fedha haimwagiki yote kwa mara moja. Inatoka kidogo kidogo, kama dripu.

Dawa yenyewe ya salfa nayo ina kazi yake. Bakteria wengi hujitengenezea foleti, aina ya vitamini B, na salfa hujifanya malighafi yao, wakakwama. Sisi foleti tunaila kwenye mchicha na maharage, kwa hiyo mtego huo hautunasi. Ila ndani ya krimu hii, fedha ndiyo inayobeba mzigo mkubwa.

Naitrojeni ya aina hiyo hiyo hushika madini mengine pia kwenye dawa nyingine: asetazolamidi, dawa ya presha ya macho, hunasa zinki iliyo katikati ya kimeng'enya na kukisimamisha.

Mkono ukiungua, tafadhali, anza na maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, siyo dawa ya meno. Na kama salfa iliwahi kukutoa vipele, mwambie mhudumu kabla hajafungua tyubu. Kichanga wa chini ya miezi 2 hapakwi krimu hii kabisa.