Habari za Kua huzipati barazani

Nilipoanza kukusanya masimulizi ya wazee kisiwani Mafia, nilipoteza muda mwingi kwa kukaa barazani. Mzee yuko mkekani, kinasa sauti kiko katikati, namuuliza habari za Kua, mji wa kale uliobaki magofu. "Ah, mwanangu, hayo ya zamani sisi tumeyakuta tu." Basi, mazungumzo yanahamia bei ya nazi.

Siku moja mzee wa Juani, keshachoka na maswali yangu, akasema twende huko huko. Tukaenda. Hatujafika msikiti wa kwanza, maneno yakaanza kumtoka: hapa marehemu babu alikuwa akivua kofia, pale watoto walikatazwa kuokota vigae. Tangu hapo mahojiano yangu nayafanya kwa miguu.

Kua ni magofu ya mji uliokuwa kisiwani Juani. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava walivuka kutoka Madagascar, wakauteka na kuchukua watu mateka. Leo ni kuta za matumbawe na chokaa ndani ya pori. Ukipotea humo, tafuta ukuta wenye mihrabu. Kibla kwetu ni kaskazini, kwa hiyo hata msikiti usio na paa unakurudisha njiani. Tazama pia vyumba: virefu, vyembamba. Upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko. Boriti ndiyo inayoanza kuoza dari likivuja, na likishaanguka mvua inaingia ndani ya kuta zenyewe.

Kisa ambacho kila mtu anacho ni cha Kua na Kisimani, mji uliokuwa upande wa magharibi wa kisiwa kikubwa. Watu wa Kisimani walikuwa wanashua jahazi, wakawaalika wa Kua. Wageni walipofika, watoto wao wakakamatwa, wakalazwa mchangani badala ya magogo, na chombo kikapitishwa juu yao. Kua hawakusema kitu. Waliacha miaka ikapita, kisha wakawaalika Kisimani harusini, karamu ikiwa katika chumba cha chini ya ardhi. Wenyeji wakawa wanatoka mmoja mmoja, akabaki mzee mmoja akiwazungumzisha wageni huku mafundi wakiziba mlango kwa mawe. Naye alizibiwa humo humo.

Mimi chumba hicho sijakiona. Lakini nimeonyeshwa mahali pake mara tatu, na watu watatu, sehemu tatu mbalimbali, na kila mmoja kwa uhakika kamili! Siwacheki. Nadhani kisa kinashikilia uhasama wa kweli wa miji miwili ya biashara, na kila kizazi kinakipa ukuta ulio karibu na njia yake ya shamba.

Chole, kisiwa cha ng'ambo kidogo tu, kumbukumbu ni changa zaidi. Baada ya Kua kuanguka, Chole ndiyo ikawa mji mkubwa, na Wajerumani wakaweka boma lao hapo hadi 1913, walipohamia Kilindoni kwa sababu meli kubwa zilihitaji mahali penye kina pa kutia nanga. Majengo yao sasa yamekumbatiwa na mizizi ya miti ya jamii ya mkuyu. Watu huniuliza kwa nini haikatwi. Kwa sehemu kubwa mizizi hiyo ndiyo inayoshika mawe; ukiikata bila kuandaa nguzo, ukuta unakuja nayo.

Kisimani kwenyewe nilikwenda bamvua, maji yakiwa yamekupwa mbali. Bahari imeula mji ule. Ukitembea ufukweni unakanyaga vigae vya vyungu, na baada ya mawimbi makali hutokea hata shanga. Mzee niliyefuatana naye alitembea hadi mchanga mkavu ulipokoma, akasimama. Nikamuuliza kisima chenyewe kilikuwa wapi. Akanyoosha bakora kuelekea majini, mahali ngarawa moja ilipokuwa ikivua, akasema, "Alipo yule."