Mzee hadanganywi: namna ya kuitazama The Father

Barazani Lamu, ikishatazamwa filamu ya The Father (2020), hoja huwa moja: binti anamzuga babake. Sivyo. Kamera imekaa ndani ya kichwa cha huyo baba, Anthony, mgonjwa wa dimenshia (maradhi ya kupoteza kumbukumbu). Ndiyo maana binti, Anne, anaigizwa na Olivia Colman, kisha ghafla anaingia mwigizaji mwingine, Olivia Williams, naye akijiita Anne. Mwishoni tunamkuta huyo huyo ni muuguzi, Catherine. Ubongo ulikosa jina la ule uso, ukauvika la mwana.

Ukirudia kuitazama, acha maneno ya watu, shika vitu: samani, picha ya juu ya meko ambayo baadaye haipo. Kupanga matukio kwa mfuatano ni kujichosha bure (wengi hukwama hapo). Mazungumzo ya mlo wa kuku yenyewe hurudi yalikoanzia.